Kijijini au Mjini Nchini Uganda: Takwimu Rasmi kwa Anayechagua Pa Kuishi

Askari polisi au mwanajeshi anayestaafu nchini Uganda hutakiwa kuiacha nyumba ya kambini karibu wakati uleule anaposubiri kiinua mgongo chake, na mara nyingi swali la pa kuishi humkuta akiwa na watoto waliokulia kambini, wasiokijua kijiji cha baba yao ila kwa misiba na sikukuu. Swali hilohilo huwakabili vijana wa Koboko na Arua wanaofikiria kwenda Kampala, wafanyabiashara wa Busia wenye shamba nyumbani na kibanda mpakani, na familia za Bombo ambazo kwa vizazi kadhaa zimeishi kati ya kambi, mji na shamba. Makala haya yanaweka maisha ya kijijini na ya mjini bega kwa bega kwa kutumia takwimu rasmi, hasa zile za UBOS, shirika la taifa la takwimu, na msimamo wake ni huu: wastani wa taifa unaonyesha mji ukishinda karibu katika kila kipimo, lakini hakuna anayehamia kwenye wastani. Mtu huhamia Kumi, Mbarara, Bwaise au Kitgum, na pengo lililopo kati ya eneo moja na jingine ni kubwa kuliko pengo lililopo kati ya vijiji vyote vikijumlishwa na miji yote ikijumlishwa.

Nani huhesabiwa kuwa mkazi wa mjini

Katika sensa za 2002 na 2014, maeneo ya mjini yalikuwa yale tu yaliyotangazwa rasmi na serikali, yaani jiji, manispaa na halmashauri za miji, ilhali sensa za awali zilijumuisha pia vituo vya biashara ambavyo havijatangazwa lakini vina zaidi ya watu 1,000. Kwa kipimo hicho, wakazi wa mjini walikuwa asilimia 12.3 ya Waganda wote mwaka 2002 na asilimia 21.4 mwaka 2014. Sehemu ya ongezeko hilo ni watu waliofunga mizigo wakahama kweli. Sehemu nyingine ni watu ambao hawakusogea hata hatua moja. Eneo lao lilipandishwa hadhi, nao wakawa watu wa mjini huku migomba ikiwa palepale nyuma ya jiko. Tarehe 1 Julai 2020 miji ya Arua, Mbarara, Gulu, Jinja, Fort Portal, Mbale na Masaka ilipandishwa kuwa majiji, na mipaka ilipopanuliwa iliingiza ndani vitongoji ambavyo wakazi wake bado wanalima muhogo na mahindi. Kwa hiyo anayesoma kwamba mjini kuna hiki au kile akumbuke kwamba katika takwimu hizo Kololo, mtaa wa matajiri wa Kampala, na halmashauri ya mji mdogo wenye barabara moja ya vumbi zimo katika kapu moja.

Jambo la pili ni kwamba sensa humhesabu mtu pale alipolala usiku wa sensa. Sensa ya 2024 ilihesabu watu milioni 45.9 nchini, na kati yao Kampala ilikuwa na takribani milioni 1.8 tu, huku Wilaya ya Wakiso inayoizunguka ikiwa na takribani milioni 3.4. Hesabu hiyo huwashangaza wengi, lakini yeyote aliyewahi kukaa kwenye foleni ya asubuhi ya barabara ya Bombo au ya Jinja anajua watu hao wanatoka wapi na wanakwenda wapi. Faida yake kwa anayechagua ni ya moja kwa moja: mtu asemapo kwamba anahamia Kampala, kuna uwezekano mkubwa kwamba anahamia Nansana, Kira au Kajjansi, na gharama anayopaswa kuipigia hesabu si kodi ya nyumba peke yake bali kodi pamoja na nauli ya kwenda na kurudi.

Fedha zinazoingia na fedha zinazotoka

Utafiti wa kaya wa 2016/17 ulikuta kwamba wastani wa kipato cha kaya kwa mwezi ni shilingi 416,000 kwa nchi nzima, yaani shilingi 303,000 kijijini na shilingi 703,000 mjini. Bei zimepanda tangu wakati huo, kwa hiyo kiasi chenyewe kisichukuliwe kuwa cha leo. Cha kuzingatia ni uwiano, kwamba kaya ya mjini ilipata zaidi ya mara mbili ya kaya ya kijijini, tena ikiwa kwa kawaida na watu wachache wa kulishwa. Tofauti ilikuwa shilingi 400,000 kwa mwezi. Anayechagua anapaswa kujiuliza ni kiasi gani cha hizo 400,000 kinachobaki mfukoni baada ya mji kuchukua chake.

Chukulia kaya ya watu watano inayopanga chumba na sebule pembezoni mwa Kampala. Kodi hulipwa kabla ya jambo lingine lolote, na wakati wa kuingia mwenye nyumba huweza kudai ya miezi kadhaa kwa mkupuo. Maji hununuliwa kwa dumu la lita 20 kwenye bomba la jirani, na siku bomba linapokauka bei hupanda kabla ya saa nne asubuhi. Makaa hununuliwa kwa kikopo kwa sababu fedha za gunia zima hazipatikani kwa pamoja, ingawa kila mama wa nyumba anajua kwamba mwenye kununua kwa kikopo hulipa zaidi kwa kilo kuliko mwenye kununua gunia. Umeme wa yaka, yaani wa kulipia kabla ya kutumia, huingizwa kwa namba zinazoletwa kwenye simu, elfu mbili leo, elfu tano kesho kutwa, na ukiisha saa mbili usiku giza huingia bila barua ya onyo. Mtu akitumia shilingi 4,000 kwa siku kwa teksi na bodaboda, kwa siku 26 za kazi atakuwa ametumia shilingi 104,000, zaidi ya robo ya ile tofauti yote, na hapo hajanunua hata nyanya.

Kaya ya ukubwa huohuo kijijini haina mkono wa mtu mfukoni mwake kila siku, lakini ina matatizo yake ya fedha, na makubwa kuliko yote ni majira. Mahindi huvunwa Juni na Julai wakati kila mtu anavuna, na huuzwa papo hapo kwa mlanguzi mwenye lori kwa bei ya chini, kwa sababu karo haisubiri na ghala la kuhifadhia halipo. Miezi michache baadaye kaya hiyohiyo hununua unga dukani kwa bei ya juu. Kuna pia gharama ambayo haionekani katika safu ya kipato, nayo ni saa za wanawake na wasichana zinazopotelea kwenye foleni ya pampu na kwenye kutafuta kuni. Mke wa mstaafu aliyezoea bomba la kambini ataihisi gharama hiyo wiki ya kwanza, hata kama mume wake hataihisi kamwe, na ni vizuri mazungumzo hayo yafanyike kabla ya lori la mizigo kukodiwa.

Kuhusu umaskini wenyewe, utafiti wa 2019/20 ulikuta asilimia 20.3 ya Waganda wakiwa chini ya mstari wa umaskini wa taifa: asilimia 23.4 kijijini na asilimia 11.7 mjini. Mwaka 1992/93 ilikuwa asilimia 60.3 kijijini na 28.8 mjini. Umaskini umepungua sana pande zote mbili, lakini mkazi wa kijijini ameendelea kuwa na uwezekano wa kuwa maskini mara mbili hivi ya mwenzake wa mjini, na mwaka 2016/17 pengo lilipanuka zaidi ya hapo, kwa asilimia 25.0 dhidi ya 9.6. Utafiti wa 2023/24 umeshusha kiwango cha taifa hadi asilimia 16.1.

Wapo wanaosema kwamba takwimu hizi zinamwonea mkulima kwa kuwa yeye hula cha shambani kwake bila kutoa shilingi. Hoja hiyo haina nguvu. Katika kupima umaskini, chakula ambacho kaya imekilima na kukila yenyewe huthaminiwa kwa fedha na kuhesabiwa katika matumizi yake, sawa na chakula kilichonunuliwa. Kwa hiyo zile asilimia 23.4 ni za watu ambao hata baada ya kuhesabiwa muhogo, maharage na ndizi zao bado hawafikii mahitaji ya msingi.

Lipo eneo moja ambamo mkulima amesahauliwa kweli. Faharasa ya bei ambayo UBOS huitoa kila mwezi, ile inayosomwa redioni kuwa mfumuko wa bei wa nchi, hukusanya bei katika masoko ya Kampala na ya miji kama Jinja, Mbale, Masaka, Mbarara, Gulu, Arua na Fort Portal. Bei ya sabuni na chumvi katika duka la kijijini huko ndani haimo, na pale barabara inapokatika wakati wa mvua bei hiyo huweza kwenda njia yake peke yake. Anayestaafu kwa pensheni asiichukue takwimu ya mfumuko kama kipimo cha maisha yake ya kijijini. Ni bora aulize bei za vitu kumi anavyovitumia kila wiki katika duka lililo karibu na atakapoishi.

Kwa upande wa mji, kasoro ya wastani ni ya namna nyingine. Kipimo cha Gini, ambacho hupanda kadiri walionacho na wasionacho wanavyoachana, kilikuwa 0.41 mjini na 0.34 kijijini katika utafiti wa 2012/13. Maana yake ni kwamba zile shilingi 703,000 za kaya ya mjini zimevutwa juu na wachache, na anayeingia mjini bila ujuzi wala mtaji asitarajie kuanzia hapo.

Eneo ndilo huamua zaidi

Katika utafiti wa 2016/17, umaskini ulikuwa asilimia 2.6 Kampala, asilimia 6.8 Ankole, asilimia 34.9 West Nile na asilimia 60.2 Karamoja. Ankole ina mji wa Mbarara, lakini watu wake walio wengi ni wakulima na wafugaji wa vijijini, na bado umaskini wake ulikuwa chini ya wastani wa miji yote ya nchi, ambao mwaka huo ulikuwa asilimia 9.6. Kwa maneno mengine, mtu aliyehama kutoka kijiji cha Ankole kwenda katika mji wowote tu kwa imani kwamba mjini kuna nafuu alikuwa akienda kinyume na takwimu, huku aliyehama kutoka Moroto vijijini kwenda karibu mahali pengine popote akienda sambamba nazo.

Kwenye lishe mambo yanageuka tena, na hapa ndipo wengi hukosea hesabu. Utafiti wa afya na idadi ya watu wa 2016 ulikuta udumavu kwa asilimia 29 ya watoto walio chini ya miaka mitano nchini, asilimia 30 kijijini na 24 mjini. Pengo la pointi sita si dogo, lakini litazame kando ya pengo la kimaeneo: Tooro, nchi ya ndizi, chai na maziwa, ilikuwa na asilimia 41, kiwango cha juu kuliko vyote, na Teso, inayofikiriwa kuwa nchi ya ukame na mihogo, ilikuwa na asilimia 14, kiwango cha chini kuliko vyote. Tooro ilikuwa na umaskini wa asilimia 11.1 tu mwaka 2016/17, na Teso asilimia 25.1. Mtoto wa kijijini Teso alikuwa na nafasi nzuri zaidi ya kukua kwa kimo chake kuliko mtoto wa wastani wa mjini, na nzuri zaidi sana kuliko mtoto wa Tooro ambaye wazazi wake, kwa kipimo cha fedha, walikuwa na hali bora. Shibe ya matoke si lishe kamili, na mtama, karanga, ufuta na kunde za Teso huenda vina sehemu yao katika hesabu hiyo, ingawa hayo ni maoni yangu na si ya utafiti.

Takwimu za kimaeneo nazo zina tahadhari yake. Umaskini wa Acholi uliripotiwa kuwa asilimia 33.4 mwaka 2016/17 na asilimia 67.7 mwaka 2019/20, yaani uliongezeka mara mbili ndani ya miaka mitatu. Utafiti huo wa pili ulikatizwa na karantini ya korona mwaka 2020, na kwa nchi nzima umaskini ulikuwa asilimia 18.7 kabla ya kukatizwa na 21.9 baada ya kurejewa. Kwa hiyo mtu asiifute Gulu au Kitgum, zilizo Acholi, kwenye orodha yake kwa sababu ya namba ya mwaka mmoja; atazame tafiti mbili au tatu zilizofuatana ndipo aone mwelekeo.

Afya ya wazazi na watoto

Kwa malaria, kijiji kinashindwa vibaya. Utafiti wa 2018/19 ulikuta vimelea katika damu ya asilimia 11 ya watoto wadogo wa kijijini na asilimia 3 ya wale wa mjini. Kampala ilikuwa chini ya asilimia 1, Karamoja asilimia 34. Familia iliyokaa Kampala kwa miaka mingi ikirudi na watoto wadogo katika eneo lenye malaria nyingi inapaswa kujua kwamba watoto hao hawana kinga ambayo watoto wa huko wameijenga kwa kuugua mara kwa mara, na kwamba chandarua na umbali wa kituo cha afya ni mambo ya kuangaliwa kabla ya ukubwa wa shamba.

Kwa virusi vya ukimwi, mambo ni kinyume: utafiti wa 2011 ulikuta maambukizi ya asilimia 8.7 kwa watu wazima wa mjini na asilimia 7.0 kwa wale wa kijijini. Tofauti si kubwa, lakini ni mojawapo ya vipimo vichache ambavyo mji unashindwa waziwazi. Hewa ni kingine. Vumbi, moshi wa bodaboda na wa kuchoma taka huifanya hewa ya Kampala kuwa na chembechembe zinazozidi mara kadhaa kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na jalala la Kiteezi huko Wakiso lilipoporomoka Agosti 2024 liliua zaidi ya watu 30 waliokuwa wakiishi na kufanya kazi kando yake. Nyumba za bei nafuu hujengwa pale ambapo wenye fedha hawataki kukaa, kwenye mabonde yanayofurika na kando ya majalala, na takwimu za wastani wa mjini hazimwonyeshi mpangaji jambo hilo.

Uzazi nao unatofautiana. Mwaka 2016 mwanamke wa kijijini alikadiriwa kuzaa watoto 5.9 kwa wastani wa maisha yake na wa mjini 4.0, mwaka 2022 ilikuwa 5.6 na 4.3. Kijiji kimeshuka huku mji ukipanda, jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza halina mantiki, lakini ukikumbuka jinsi maeneo ya kilimo yanavyozidi kutangazwa kuwa miji, sehemu ya maelezo inaweza kuwa hapo. Mwaka 2016 pia, asilimia 27 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 wa kijijini walikuwa wameshazaa au walikuwa wajawazito, na asilimia 19 ya wale wa mjini. Mzazi mwenye mabinti wa rika hilo asiipuuze tofauti hiyo, hasa kama shule ya sekondari iliyo karibu na kijiji inamlazimu binti kupanga chumba kwenye kituo cha biashara na kujipikia mwenyewe.

Ada za matibabu katika vituo vya serikali zilifutwa mwaka 2001, kwa hiyo kinachotenganisha kijiji na mji si bei ya kumwona mganga bali umbali, na kama dawa zipo siku hiyo. Kituo cha afya cha daraja la pili hutibu magonjwa madogo. Cha daraja la tatu huzalisha. Upasuaji wa mama aliyeshindwa kujifungua hufanyika kuanzia daraja la nne, pale penye daktari na chumba cha upasuaji kinachofanya kazi. Mama mjamzito au mzee mwenye shinikizo la damu achague makazi kwa kuanzia na swali la kituo cha daraja la nne kiko umbali gani, na usiku wa manane usafiri wa kufika huko ni upi.

Shule, maji na umeme

Elimu ya msingi bila ada ilianza mwaka 1997 na ya sekondari mwaka 2007, lakini Sheria ya Elimu ya 2008 inamwachia mzazi chakula, mavazi na usafiri wa mtoto. Mjini chakula cha mchana shuleni ni fedha taslimu. Kijijini huwa mahindi na maharage yanayopelekwa kwa debe, au njaa mpaka jioni. Shule nyingi zenye sifa ziko mjini au ni za bweni, na wazazi wa vijijini wanaomudu huzilipia hukohuko, kwa hiyo kwa watoto wa sekondari makazi ya wazazi yana uzito mdogo kuliko karo. Kwa watoto wa shule ya msingi ni kinyume chake.

Gridi ya umeme, ambayo tangu tarehe 1 Aprili 2025 husambazwa na UEDCL, kampuni ya serikali, baada ya mkataba wa kampuni binafsi iitwayo Umeme kumalizika, ni jambo la mjini zaidi, na kijijini taa nyingi ni za sola. Anayetaka kuanzisha kinu cha kusaga, karakana ya kuchomelea vyuma au saluni aulize nguzo ziko wapi kabla ya kununua kiwanja. Anayetaka taa na kuchaji simu tu atatosheka na sola. Kuhusu maji, tofauti ni ya bomba dhidi ya pampu, na pampu ya kijijini hutegemea kamati ya watumiaji inayokusanya michango ya matengenezo. Kijiji chenye kamati iliyolala ni kijiji ambacho pampu yake itakufa kiangazi.

Ardhi na paa

Hapa ndipo kiinua mgongo cha watu wengi hupotea, na hakuna jedwali la takwimu linaloweza kumwokoa mtu. Katiba ya 1995 inatambua aina nne za umiliki wa ardhi: ya kimila, ya mailo, ya milki huru na ya kukodishwa kwa muda. Kaskazini, West Nile na Teso ardhi nyingi ni ya kimila, isiyo na hati, na haki ya mstaafu hutegemea ukoo wake kumtambua na mipaka kukumbukwa na wazee walio hai. Anayekaa mbali miaka thelathini akarudi na pikipiki na mabati huweza kukuta kaka zake wameshagawana. Aende mapema, alime hata robo ekari, aonekane.

Buganda, ambako wengi hununua kwa kuwa ni karibu na Kampala, sehemu kubwa ni mailo, na kinachouzwa kwa bei nafuu Luweero, Mukono au Wakiso mara nyingi ni kibanja, yaani haki ya kukaa na kulima kwenye ardhi ya mtu mwingine, si ardhi yenyewe. Mwenye kibanja hutambuliwa na sheria na hulipa busuulu kila mwaka kwa mwenye ardhi, lakini kibanja hakiwezi kuuzwa kihalali bila ridhaa ya mwenye ardhi huyo. Mnunuzi anayelipa mbele ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, peke yake, akapewa karatasi yenye muhuri na kuanza kuchimba msingi, amenunua nusu ya jambo.

Anayepanga mjini ana ulinzi fulani: Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya 2022 inazuia kodi kupandishwa kwa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Ulinzi huo una maana kwa mwenye mkataba wa maandishi. Wapangaji wengi wa vyumba vya safu hawana, na katika bajeti ya mstaafu kodi ni shimo lisilojaa, kwa sababu pensheni haipandi kwa mwendo wa kodi.

Uchaguzi kwa hali ya mtu

Kijana mwenye ujuzi unaouzika kila siku, kama fundi wa pikipiki, mshonaji au msusi, takwimu za kipato zinamwelekeza mjini, lakini si lazima iwe Kampala. Kwa maoni yangu Mbarara, Arua, Lira au Jinja humfaa zaidi anayeanza, kwa sababu wateja wapo, nauli ni ya bodaboda moja au ni miguu, na shamba la nyumbani liko karibu vya kutosha kuleta gunia la mahindi. Kijana asiye na ujuzi wala mtaji lakini mwenye ardhi ya ukoo katika eneo lenye mvua mbili kwa mwaka abaki kwanza. Mpango wa Maendeleo wa Parishi (eneo dogo la utawala lenye vijiji kadhaa) uliozinduliwa Februari 2022 hutoa shilingi milioni moja kwa mnufaika wa kaya iliyo katika uchumi wa kujikimu, na kiasi hicho kikiwekwa katika kuku, nguruwe au mbegu bora kijijini huzaa zaidi kuliko kikiliwa na kodi ya miezi michache Kampala.

Mtumishi wa umma ambaye bado yuko kazini, kama mwalimu au muuguzi, azingatie posho ya maeneo magumu kufikika, ambayo ni asilimia 30 ya mshahara wa msingi. Katika wilaya isiyo na kodi kubwa, nyongeza hiyo hujenga nyumba. Mzee asiye na pensheni asitegemee sana ruzuku ya serikali ya wazee, kwani huanza akifikisha miaka 80 na ni shilingi 25,000 kwa mwezi, kiasi chenye maana kijijini na kisichofika mbali mjini.

Askari anayestaafu akiwa na watoto wa shule ya msingi na mke mwenye biashara ndogo yuko katika hali ngumu zaidi. Wengi huigawa kaya: mama na watoto hubaki mjini, baba huenda kufungua shamba, au kinyume chake. Mpango huo hauonekani katika takwimu, kwa kuwa kila mmoja huhesabiwa alipolala, lakini una gharama za paa mbili na majiko mawili, na mara nyingi paa la tatu la mtu ambaye hakutajwa kwenye mpango. Kama kaya haina kipato cha uhakika upande wa mjini, ni nafuu kuhamia wote kwenye mji mdogo ulio karibu na ardhi ya ukoo, mahali penye kituo cha afya cha daraja la nne na shule ya msingi isiyozidi mwendo wa miguu, kisha kulima kutoka hapo. Na ikiwa ardhi inanunuliwa au kuuzwa ili kutimiza hilo, Sheria ya Ardhi ya 1998 kama ilivyorekebishwa inataka ridhaa ya mwenzi kwa ardhi ambayo familia inaishi au kujipatia riziki, kwa hiyo saini ya mke itafutwe mapema, kabla dalali hajapewa hata shilingi ya kianzio.